Presha ya Matairi ya Motohomu Huanzia Kwenye Mizani

Wenye motohomu, yaani magari yaliyojengewa nyumba ya kuishi, wakikutana, haipiti muda kabla mmoja hajauliza: "Wewe matairi unaweka ngapi?" Majibu hutolewa papo hapo. Huyu themanini kote. Yule sitini na tano mbele, themanini nyuma. Wa tatu anafuata kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, basi. Kila mmoja ana hakika na namba yake, na huenda kila mmoja yuko sahihi, kwa gari lake yeye. Mimi swali hilo siku hizi nalijibu kwa swali: gari lako lina uzito gani, likiwa limepakiwa kama lilivyo sasa hivi, na watu wake ndani? Hapo mazungumzo hupoa, kwa sababu wengi hawajawahi kupima.

Sifanyi hivyo kwa ubishi. Hewa ndiyo inayobeba gari. Mpira, nyuzi na waya wa chuma uliomo ndani ya tairi kazi yao kubwa ni kuizuia hewa hiyo isitoroke na kuipa umbo. Ndiyo maana tairi lile lile, bila mpira wake kubadilika hata chembe, linabeba mzigo huu kwa presha hii na mzigo mwingine kwa presha nyingine. Kila kiwango cha upepo kina uzito wake. Ukiujua uzito, presha unaisoma kwenye jedwali. Usipoujua unabahatisha, hata kama namba umepewa na fundi aliyezeeka kwenye kazi.

Gari lenyewe lina maandishi mawili yanayohusu presha, na watu huyachanganya.

La kwanza liko ubavuni mwa tairi. Chukua tairi la LT225/75R16 daraja la E (herufi ya uwezo wake wa kubeba), ambalo limefungwa kwenye motohomu nyingi za ukubwa wa kati, hasa zenye matairi manne nyuma. Ubavuni limeandikwa kwamba linabeba kilo 1,215 likifungwa peke yake na kilo 1,120 likiwa la dabo, yaani mawili yakifungwa pamoja upande mmoja wa ekseli, kwa psi 80. Psi 80 ni sawa na bar 5.5. Wengi jicho lao linatua kwenye 80 na kuishia hapo. Lakini maandishi yale yasome yote pamoja: ili libebe mzigo wake mkubwa kabisa, tairi hili linahitaji psi 80 likiwa baridi. Hayasemi kwamba gari lako linahitaji 80. Aliyelitengeneza hajui litafungwa kwenye gari gani.

La pili ni stika, ambayo mara nyingi iko kwenye fremu ya mlango wa dereva au karibu na kiti chake. Hii imewekwa na aliyetengeneza gari, naye amehesabu uzito wa juu unaoruhusiwa kwa kila ekseli pamoja na saizi ya matairi yaliyokuja na gari. Kama hujawahi kupima, stika ndiyo ya kufuata. Ukibaki ndani ya uzito ulioruhusiwa na ukiwa bado na matairi ya saizi na daraja lile lile, haitakutupa. Shida ni kwamba masharti hayo mawili huvunjika kimyakimya. Matairi hubadilishwa, na dukani unaletewa "yanayofanana". Nyumba huongezewa turubai la pembeni, paneli za jua, betri ya pili. Tena motohomu hutengenezwa kwa mikono miwili: kiwanda kimoja hutoa chesisi na injini, kingine hujenga nyumba juu yake. Nimewahi kuchungulia mlango wa gari lenye stika mbili zenye namba tofauti, moja ya chesisi na moja ya waliojenga nyumba. Katika hali hiyo anayestahili kusikilizwa ni yule wa mwisho, maana ndiye aliyejua makabati, tangi la maji na friji vimekaa wapi. Hata yeye lakini hakujua wewe utapakia nini.

Kabla ya kufika kwenye mizani, niseme kwa nini jambo hili linastahili usumbufu wote huu.

Tairi lenye upepo pungufu hulala zaidi kila linapogusa barabara. Ubavu wake unakunjwa na kunyooshwa mara nyingi kila sekunde, na kukunjwa huko huzalisha joto. Mpira hautoi joto upesi, kwa hiyo joto linajikusanya ndani, pale mikanda ya chuma ilipoungana na mpira, na gundi ya kiwandani inaanza kuachia. Mwishowe uso wa tairi hubanduka mzima mzima au ubavu hupasuka. Ubaya wake ni kwamba haitokei siku ile uliyoendesha na upepo mdogo. Tairi linaweza kuumia leo, likajazwa upepo sawasawa kesho, kisha likapasuka baada ya wiki kadhaa mchana wa jua kali, nawe ukalaumu jua. Watengenezaji wa matairi ya mizigo wana kanuni moja ambayo ningependa kila mwenye motohomu aijue: tairi lililoendeshwa likiwa limepungukiwa asilimia 20 au zaidi ya presha yake lihesabiwe kwamba limeendeshwa bila upepo. Livuliwe kwenye rimu na kukaguliwa ndani na mtu anayejua, ndipo lijazwe tena. Kwa tairi la 80 hiyo ni 64. Wangapi wamekuta 60 asubuhi, wakajaza, wakaondoka?

Historia ya matairi ina kesi kubwa mbili zinazogusa hapa. Mwaka 2000 Firestone iliyaita matairi milioni 6.5 yarudishwe baada ya ajali nyingi zilizohusisha gari la Ford Explorer. Mabishano yalikuwa mengi, juu ya tairi na juu ya gari, lakini mojawapo lilikuwa psi nne tu: Ford ilikuwa imependekeza psi 26, Firestone ikaja kusema 30. Mwaka huo huo Marekani ikatunga sheria ambayo ndiyo iliyoleta taa ya presha tunayoiona kwenye dashibodi za magari madogo.

Kesi ya pili ni ya motohomu zenyewe. Tairi la Goodyear G159 la saizi 275/70R22.5, lililotengenezwa kati ya 1996 na 2003, lilifungwa kwenye motohomu kubwa, na kwa miaka mingi kulikuwa na kesi mahakamani na malalamiko kwamba linabanduka. Mwaka 2022 matairi zaidi ya 173,000 yaliitwa yarudishwe. Hatari iliyotajwa ilikuwa kubanduka kwa uso wa tairi pale linapotumika kwenye motohomu likiwa na upepo mdogo mno au likiwa limezidiwa uzito. Angalia na miaka yake: lililo changa kuliko yote lilikuwa limekaribia miaka 20. Kwenye lori tairi la umri huo lingekuwa limeshakwisha na kutupwa zamani sana. Kwenye motohomu, ambayo husimama zaidi kuliko inavyotembea, linaweza kuwa bado na uso mzuri wa kuvutia.

Sasa mizani.

Panga safari kwanza, kisha pima. Gari lipimwe kama litakavyosafiri: mafuta, gesi, maji, vyakula, vitabu, mbwa, na kila abiria kwenye kiti chake. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 150 lililojaa ni watu wawili wazima ambao hawakuhesabiwa. Mizani ya malori inatosha kwa kuanzia. Ingiza ekseli ya mbele peke yake, andika. Ingiza gari zima, andika. Toa mbele ubaki na nyuma peke yake, andika. Namba ya mbele na ya nyuma zikijumlishwa zikaribiane na ya gari zima. Zikiachana sana, hukusimama sawa.

Watu wengi wakifika hapo hushukuru na kuondoka. Kama mwenye mizani ana subira na pembeni pa mizani pamesawazishwa, mwombe upime na upande mmoja mmoja, magurudumu ya kushoto yakiwa juu ya mizani na ya kulia yakiwa nje. Bora zaidi ni zile mizani ndogo za kuwekwa chini ya kila gurudumu. Kwenye lori la mchanga tofauti ya kushoto na kulia haina maana sana. Kwenye nyumba ina maana kubwa, kwa sababu aliyechora nyumba alijali friji ikae karibu na jiko, na jiko karibu na sinki, na sinki karibu na tangi. Vyote hivyo vizito vimejipanga upande mmoja.

Gari ninaloliendesha lina matairi mawili mbele na manne nyuma, yale yale ya 225/75R16 niliyoyataja. Mbele mizani ilisema kilo 2,170. Nyuma 3,590. Ukigawanya tu, mbele kila tairi linabeba 1,085, na nyuma kila moja kama 897. Lakini pembe kwa pembe hadithi ilibadilika: upande wa jiko mbele ni kilo 1,130 na upande wa pili 1,040. Nyuma ni 1,900 upande wa jiko na 1,690 upande wa kitanda.

Jedwali la mzigo na presha la tairi hilo (kila mtengenezaji mkubwa analo, na karibu yote yanafuata viwango vya Tire and Rim Association kwa Marekani au ETRTO kwa Ulaya) linasema kwamba likiwa peke yake hubeba kilo 1,060 kwa psi 65, na 1,215 kwa psi 80. Likiwa la dabo hubeba 975 kwa 65 na 1,120 kwa 80. Kanuni ya kusoma ni moja: tafuta upande mzito wa ekseli, soma presha yake, kisha iweke hiyo kwa matairi yote ya ekseli hiyo, hata ya upande mwepesi. Ekseli moja haiwekewi presha mbili, maana gari litavuta upande wakati wa kufunga breki.

Kwa mbele, nikifuata wastani wa 1,085 jedwali linanipa 70. Nikifuata upande mzito wa 1,130, linanipa 75. Psi tano hizo ndizo faida ya kupima pembe kwa pembe. Nyuma upande mzito una kilo 1,900 kwa matairi mawili, yaani 950 kila moja, na psi 65 inatosha, ikiwa imebakiza kilo 25 tu. Kwa hiyo gari hili, ambalo ukiliangalia kwa macho ungesema mzigo wote uko nyuma, linahitaji upepo mwingi zaidi mbele. Fundi mmoja niliyemwonyesha hesabu hii alicheka. "Bosi, nyuma ndiko kuna nyumba!" Ni kweli nyumba iko nyuma, na nyuma kuna matairi manne.

Jedwali hutoa kiwango cha chini kabisa. Chini ya hapo hupiti. Juu ya hapo naongeza psi 5, kwa sababu siku moja tangi litajaa zaidi, mgeni atapanda na mabegi yake, na usiku baridi itashusha presha kabla sijaamka. Kwa hiyo mbele 80, nyuma 70. Kuna wanaoongeza asilimia 10, na sina ugomvi nao. Mipaka ya juu ni miwili: presha iliyoandikwa kwenye tairi na ile ya rimu. Rimu nayo ina kikomo chake, wakati mwingine cha chini kuliko cha tairi, nacho hugongwa kwenye chuma chenyewe, mara nyingi upande wa ndani usioonekana bila kuvua gurudumu.

Kama mzigo wako umepita hata ile 1,215 au 1,120, hakuna presha itakayokuokoa. Punguza vitu, au tafuta matairi na rimu za daraja la juu, ukikumbuka kwamba ekseli, springi na breki hazijabadilika kwa kubadilisha tairi.

Wenye gari za van za Ulaya zenye matairi manne tu watakutana na herufi CP kwenye tairi, kwa mfano 225/75R16CP. Hayo yametengenezwa kwa ajili ya magari ya kambi, kwa kutambua kwamba magari haya hukaa karibu na kikomo chao cha uzito saa zote, hata yakiwa yamesimama. Kwa tairi la CP lililo peke yake kwenye ekseli ya nyuma watengenezaji hupendekeza bar 5.5 moja kwa moja. Watu hulalamika kwamba vyombo vinagongana kabatini, na ni kweli vinagongana. Mbele kuna nafasi ya kufuata uzito. Nyuma mimi ningeiacha 5.5 na kufunga vyombo kwa taulo.

Hapo ndipo huja swali: kama upepo mdogo ni hatari hivyo, kwa nini nisijaze mpaka kikomo kote nikasahau? Kwa usalama wa tairi lenyewe, kujaza kupita kiasi kidogo ni kosa dogo kuliko kupunguza. Lakini lina gharama. Tairi lililokazwa kuliko mzigo wake hukanyaga barabara kwa sehemu ndogo ya katikati. Linakwisha katikati, linateleza mapema kwenye maji, na breki inapungua nguvu. Likigonga shimo haliwezi kujikunja, kwa hiyo pigo linaingia kwenye nyuzi zake na kwenye rimu. Kisha kuna nyumba. Kila mtikisiko ambao tairi limekataa kuupokea unapokelewa na bawaba za makabati, mabomba ya maji na viungo vya kuta. Nikisikia mtu analalamika kwamba motohomu yake imelegea skrubu zote, kitu cha kwanza ninachotamani kushika ni geji.

Geji yenyewe iwe ya kweli. Zile ndogo za magari ya kawaida mara nyingi huishia 60, hazifai hapa. Unahitaji inayofika angalau 120, na kwa motohomu kubwa za rimu za inchi 22.5 hata 160. Kwa matairi ya dabo nunua ile yenye kichwa cha pande mbili, upande mmoja ukiingia kwenye valvu ya tairi la nje na mwingine ukigeuka kufikia la ndani.

Na tairi la ndani ndilo linalonikosesha usingizi kuliko mengine yote. Halionekani, halifikiki, na likipungukiwa, jirani yake analibeba bila kusema. Wapo wanaopiga matairi kwa nyundo na kusikiliza sauti. Nyundo itakuambia tairi halina upepo kabisa. Haiwezi kukutofautishia 75 na 55, na tofauti hiyo ndiyo inayoua tairi. Matairi ya dabo yakiwa na presha tofauti, lenye upepo zaidi linakuwa na kimo zaidi na kubeba zaidi ya sehemu yake. Ndiyo sababu jedwali linayapa kilo 1,120 na siyo 1,215: tayari limekata kidogo kwa kujua kwamba wawili hawagawani sawa kamwe. Na fikiria la ndani likipasuka kwenye gari langu: kilo 1,900 zote zinaangukia tairi moja ambalo kikomo chake likiwa peke yake ni 1,215. La pili halitakaa muda mrefu.

Wengi hutatua tatizo la kufikia kwa kufunga mirija ya kurefusha valvu. Ile ya mpira uliofunikwa kwa waya, isiyoshikiliwa mahali, huvuja kwa kutikisika, na mrija unaovuja ni mbaya kuliko kutokuwa nao. Valvu ndefu za chuma zilizofungwa kwa nati ni ghali zaidi na zinatulia. Angalia valvu hata kwenye magurudumu ya peke yake: zile za mpira za kawaida zimetengenezwa kwa presha ya hadi psi 65 hivi. Kuzikuta kwenye tairi la 80 si jambo la ajabu, kwa sababu fundi alikuwa nazo boksi zima.

Namba zote nilizotaja ni za tairi baridi. Baridi maana yake ni tairi lililosimama saa tatu au zaidi, au lililotembea chini ya kilomita mbili, nalo halijapigwa na jua. Upande mmoja wa gari ukiwa juani na mwingine kivulini, utasoma namba mbili tofauti ukadhani kuna pancha. Hewa ikipata joto hupanda presha, na kwa tairi la psi 80 kila digrii 10 za Selsiasi ni kama psi 3. Ukijaza mchana wa digrii 30 kisha ukaamka penye digrii 5, geji itakuonyesha pungufu ya 8 hivi ingawa hakuna hewa iliyotoka. Hiyo si ya kupuuza: tairi linabeba mzigo ule ule kwa presha iliyoshuka kweli. Jaza.

Kinyume chake usikifanye. Ukisimama njiani baada ya saa mbili za barabara kuu utakuta 80 imekuwa 90 na zaidi. Ndivyo inavyotakiwa, na waliotengeneza jedwali walilijua hilo. Ukitoa hewa hapo ili irudi 80, tairi likipoa litakuwa chini, litajikunja zaidi, litapata moto zaidi, nawe utatoa tena. Tairi moto haliguswi, ila pale moja linapotofautiana sana na wenzake wa ekseli moja, na hapo unatafuta ugonjwa.

Wasafiri wa milimani huniuliza juu ya kimo. Geji hupima tofauti kati ya hewa ya ndani na ya nje, na ukipanda mita 1,500 hewa ya nje inapungua kiasi cha kuifanya geji isome kama psi 2.5 zaidi. Lakini huko juu ni baridi, kwa kawaida digrii 10 hivi chini ya kule ulikotoka, na baridi hiyo inashusha kama 3. Zinakaribia kufutana. Pima asubuhi ulikolala, weka namba yako, achana na hesabu ya mlima. Kuhusu naitrojeni inayouzwa kwa ajili ya kujaza matairi, hewa ya bure tayari ni asilimia 78 naitrojeni. Pesa hiyo nunulia geji nzuri.

Sensa za presha naziamini, kwa masharti. Sheria ya Marekani inazitaka kwenye magari yasiyozidi kilo 4,536, tena inayatoa yenye matairi ya dabo, kwa hiyo motohomu nyingi huja bila chochote. Na taa ya sheria hiyo huwaka presha ikiwa imeshuka asilimia 25. Rudi juu kwenye ile kanuni ya asilimia 20: taa inawaka wakati tairi tayari linastahili kuvuliwa. Ukinunua zako mwenyewe, zile za kufunga kwenye valvu, weka tahadhari asilimia 10 chini ya presha yako ya baridi. Kwenye tairi la 80 ni 72. Itapiga kelele asubuhi zenye baridi kali, na ni sawa ipige. Joto linalosomwa na sensa ya nje lisikutulize sana. Linapima ncha ya valvu iliyopepewa na upepo, na moto wenyewe uko ndani ya mabega ya tairi.

Chaki juu ya uso wa tairi, uendeshe kidogo uone inafutika wapi? Inaonyesha tairi linakanyaga vipi. Haijui linabeba kilo ngapi, na tairi laweza kufuta chaki vizuri kabisa likiwa chini ya kiwango cha jedwali. Vivyo hivyo ile kanuni ya kulinganisha presha ya baridi na ya moto na kutafuta tofauti fulani: ilizaliwa kwenye magari mengine, na matokeo yake yanabadilika na jua, mwendo na lami. Naitumia kama mazungumzo, siiruhusu iamue.

Umri nimekwisha kuugusa. Tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Baada ya miaka mitano nalipeleka kukaguliwa kila mwaka, na miaka kumi ni mwisho hata kama linang'aa. Presha sahihi haifufui mpira uliokauka.

Kilichobaki ni kupima tena kila nyumba inapobadilika, na inabadilika kuliko tunavyodhani. Mfano mzuri ni rafu ya baiskeli. Tuseme ekseli zimeachana mita 4, na rafu inaning'inia mita 2.5 nyuma ya ekseli ya nyuma. Baiskeli na rafu vyenye kilo 60 haviongezi kilo 60 nyuma. Vinaongeza karibu 98, kwa sababu vinabinya nyuma na kuinua mbele, ambako zinatoka kama 38. Nyuma kwangu hizo 98 zikigawanywa kwa matairi manne ni kama kilo 25 kila moja: ule upande mzito unafika 975 kamili, pale pale ambapo psi 65 inaishia. Ndiyo kazi ya ile tano niliyoongeza. Baiskeli zikishushwa naacha 70 hiyo hiyo. Kuinama chini ya gari kutoa upepo wa tairi la ndani, kisha kuinama tena kuurudisha, ni kazi ambayo sijaona sababu ya kuifanya.